Mkanda wa Mijeledi Miwili

Katikati ya wiki Gradi Muamba ni dereva wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, kama wenzake wote wa mtaa wa Musonoi: vumbi kichwani, jaketi lililochanika begani, na ubishi na abiria kuhusu mahali pa kushukia. Siku ya harusi ni mtu mwingine kabisa. Bwana na bibi harusi wanaingia ukumbini, bendi ya tarumbeta nyuma yao, na mbele ya wote ametangulia Gradi na mjeledi wake, akiupiga hewani ulie sawasawa na ngoma kubwa. Pa! Akina mama wanapiga vigelegele. Ufundi huo alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akichunga ng'ombe upande wa Sandoa, na Gradi haoni haya kusema kwamba hizo ndizo siku zinazomfanya ajione mtu.

Mjeledi, au fimbo kama wanavyouita kwao, hulia kwa sababu ya kiuzi cha nailoni kilichofungwa nchani. Kiuzi kikikatika, unabaki unapunga kamba bubu. Ndicho kilichomkuta kwenye harusi ya binti wa mwalimu mmoja. Kiuzi kilikatika katikati ya ukumbi, na mjeledi wa akiba ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kiti cha mke wake Kabedi, huko nyuma kabisa. Bendi ikangoja. Gradi akapita kati ya viti akiomba njia, watu wakacheka, bibi harusi naye akacheka.

Mama Laurentine, mwenye bendi, hakucheka.

"Tata Gradi," alimwambia walipotoka nje, "mi sitaki tena hii aibu. Ikikatika na unaanza kutembea-tembea, nitabeba ule kijana mwenye kutema moto mu nafasi yako."

Maneno hayo yalimkaa Gradi rohoni. Alichohitaji ni mkanda wa kiunoni wenye nafasi ya kila kitu: mijeledi miwili, viuzi, glavu na kipande cha nta. Mikanda ya ngozi inayouzwa Lubumbashi aliiona ndoto tu kwa bei yake, basi akaamua kujitengenezea. Kwa wauza vipuri vya magari yaliyokufa alipata mkanda wa kiti pamoja na kifungo chake cha kubonyeza. Akaokota mabuti ya mpira yaliyotoboka nyayo, yaliyotupwa na wachimbaji, akayakata shingo. Shingo ya buti ukiishona upande wa chini ni mfuko tayari. Kabedi alishona kwa sindano ya magunia, huku akilalamika kwamba vidole vyake vimegeuka chujio, ila alishona.

Mijeledi aliifunga kwenye mkanda Gradi mwenyewe, na hapo ndipo kazi ya pikipiki ilipomponza. Mtu aliyezoea kupakia gunia la makaa, godoro na mbuzi safari moja, akivikaza kwa vipande vya tyubu, kwake kufunga vizuri maana yake ni moja tu: kisianguke. Akaizungushia mijeledi tyubu, akavuta, akazungusha tena, kisha akaruka-ruka uani kupima. Hakuna kilichotikisika. Akafurahi sana, maskini.

Kwenye mazoezi ngoma ikalia. Gradi akapeleka mkono kiunoni, akavuta. Mjeledi haukutoka. Akavuta kwa mikono miwili, mkanda ukamzunguka mpaka kifungo kikaenda mgongoni, na suruali nayo ikaanza kushuka. Wapiga tarumbeta walishindwa hata kupuliza kwa kucheka.

"Tata, ulifunga mbuzi?" Mama Laurentine aliuliza.

Nyumbani Kabedi alichukua kisu, akakata tyubu zote bila kuomba ruhusa.

"Gradi, ile fimbo haiendi safari ya mbali ya Kisenge. Inaenda tu mu mukono yako."

Mahali pa tyubu akashona pete pana za mpira wa buti, ambamo mjeledi uliokunjwa unaning'inia tu na kutoka ukivutwa kidogo. Gradi ilimuuma kuona vitu vikining'inia hivyo bila kukazwa. Njia nzima ya kwenda kwenye harusi ya Mechack na Mignonne alikuwa akivigusa.

Maharusi wakaingia. Pa! Pa! Halafu mjeledi ukapita hewani kimya. Kiuzi kimekwenda. Gradi aliogopa kweli, na kwa pembeni alimwona Mama Laurentine akigeuza kichwa. Ndipo mkono wa kushoto uliposhuka wenyewe kiunoni na kuvuta. Mjeledi wa pili ukatoka bila kinyongo. Pa! Ukumbi mzima ukainuka kwa kelele.

Baadaye, nje, aliegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kabedi alisimama kando yake. Mama Laurentine akawafuata amekunja uso.

"Tata Gradi. Pale katikati ulinyamaza kidogo, kisha ukatoa fimbo ya pili na mukono ya kushoto. Ni nani alikufundisha ile?"

Gradi akamtazama Kabedi.

"Batu bote balinyamaza, roho juu," mama akaendelea. "Ni muzuri sana! Ndio vile utafanyaka kila harusi."

Kabedi akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

"Ndiyo, Mama," Gradi akajibu kwa heshima zote. "Kila harusi."