Sentimita Tatu za Bi Pindo

Watu wa mtaa wetu walimwita Bi Pindo, na sidhani kuwa nusu yao walilijua jina alilopewa na wazazi wake. Lakabu hiyo aliipata kwa stahili. Gauni likitoka mikononi mwake, ungeweza kuligeuza nje ndani, ukalipitisha pindo lake kidoleni tangu mwanzo hadi mwisho, usikute uzi uliolegea wala tundu la sindano lililopotea njia. Chumba chake cha kushonea kilikuwa cha mbele, kikitazama barabara: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili za miguu, pasi, kioo chenye ufa kwenye pembe ya chini, na dirisha pana ambalo wapita njia waliligeuza kuwa kituo cha salamu. Humo alikuwa amewafundisha kazi wasichana kadhaa, si kwa sababu aliombwa, bali kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona mtu ameshika mkasi kama aliyemshika nyoka.

Mumewe ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwa hiyo mimi na Bi Pindo ni mashemeji, na wanaoujua utani wa mashemeji hawatashangaa kusikia kwamba masomo ninayotaka kuyasimulia yalikuwa na kelele nyingi kuliko darasa lolote nililowahi kulisimamia katika miaka yangu ya ualimu.

Chuo cha ufundi kilichopo nyuma ya soko kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Mkuu wa chuo hicho, mama mmoja mwenye kupenda sketi zilizonyooka, alikuwa mteja wa Bi Pindo, akaona hana haja ya kwenda mbali. Kulikuwa na sharti moja tu. Kila mwalimu ilimpasa awe na cheti cha Hesabu za Msingi, na cheti hicho hutolewa kwa mtihani ulio sawa kwa watu wote: karatasi ileile, maswali yaleyale, kila swali na majibu manne, na penseli ya kutia weusi kwenye kiduara cha jibu ulilolichagua. Bi Pindo aliacha shule kabla ya kuufikia mtihani wowote wa namna hiyo. Chuo kilikubali kumsubiri, lakini kwa mtihani mmoja tu. Akianguka, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Alinijia mchana, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida yake.

"Shemeji, nakitaka kile chumba," alisema kabla hajaketi. "Nimekwenda kukiona. Kina cherehani safu mbili na madirisha pande zote. Nifundishe hesabu."

"Nitakufundisha. Ila ujue mimi ni mwalimu mkali."

"Mkali ni mama yako, na nimeishi naye nyumba moja. Wewe tutaelewana."

Tulianza jioni ya siku hiyo, juu ya meza ya kukatia, baada ya yeye kufagia vipande vya nguo na kuzima pasi. Nilimwanzishia jedwali la kuzidisha, kwa kichwa, bila kuandika, kama tulivyofundishwa sisi. Siku za mwanzo alikwama kwenye saba na nane. Ndipo akaomba ruhusa ya kuketi kwenye cherehani, akaondoa sindano, akawa anakanyaga huku akighani: saba mara sita, arobaini na mbili, saba mara saba, arobaini na tisa. Gurudumu likizunguka, jibu linatoka. Likisimama, naye anasimama. Wapita njia wakidhani amepata oda kubwa ya sare za shule.

Shahidi wetu wa kila siku alikuwa dada yetu mdogo, yaani wifi yake, ambaye alikuja kumsaidia kushona vifungo na hakuwahi kushona kifungo bila kusema neno.

"Wifi, mtihani wenyewe utaruhusiwa kuingia na cherehani?"

"Nitaingia nayo. Wewe ndiye utakayeibeba."

"Mie mgongo unauma. Mwambie kaka, ndiye mwalimu mwenye jukumu."

Katika hesabu za sehemu, shemeji yangu hakunisumbua hata kidogo. Mtu ambaye amekunja kitambaa mara mbili, kisha mara mbili tena, hahitaji kuhubiriwa juu ya nusu ya nusu. Asilimia zilimchosha, lakini alizishika. Kujumlisha, kutoa, kugawanya kwa njia ndefu, yote yalinyooka. Nilianza kuamini kwamba kazi yangu imekwisha mapema, nikamtungia karatasi ya majaribio yenye maswali ya kila aina. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Swali mojawapo lilisema: kamba yenye urefu wa sentimita mia mbili na arobaini imekatwa vipande vinane vilivyo sawa, tafuta urefu wa kila kipande. Alikuwa ameandika thelathini na tatu. Nilidhani ni bahati mbaya. Nikatazama swali la ubao wa sentimita tisini uliokatwa vipande vitano sawa: ishirini na moja badala ya kumi na nane. Nikatazama la bomba, la waya, la kingo za bustani. Kila penye urefu alikuwa ameongeza kiasi, na kiasi chenyewe kilikuwa kilekile: sentimita tatu.

"Shemeji," nilimwambia, "hii kamba. Nionyeshe ulivyofanya."

"Nimegawanya kwa nane. Nimepata thelathini."

"Vizuri. Thelathini na tatu imetoka wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Nikikata thelathini kamili, nikishashona, si zitabaki ishirini na saba? Lazima niache ya mshono."

"Ni kamba. Haishonwi."

"Hujui atakayeinunua ataifanyia nini."

"Na vipande vinane vya thelathini na tatu, hiyo kamba ya kuongezea umeitoa wapi?"

"Mteja anaambiwa mapema alete ya kutosha."

Wifi mtu alikuwa ameangusha boksi la vifungo na sasa alikuwa chini ya meza, hatujui kama anaviokota au anacheka. Mimi mwenyewe nilijikaza ili nisipoteze heshima ya ualimu. Lakini nilipofika nyumbani nilihesabu: katika mtihani ule, maswali ya vipimo vya urefu hayakosekani, na si machache. Mtu akiyakosa yote, hata ajue mengine, cheti hakipati.

Nilijaribu kila mbinu ya darasani. Nilimwandikisha sentensi moja mara nyingi: Siongezi ya mshono. Aliiandika kwa mwandiko mzuri, kisha swali lililofuata akaongeza. Nilimpa majibu manne ya kuchagua, nikahakikisha lenye ziada ya tatu halimo. Akachagua lililo karibu nalo, akasema amekaza mshono kidogo. Hakuwa mkaidi. Alikuwa akisoma swali, akikokotoa sawasawa, akifika kwenye jibu, halafu mkono unaongeza wenyewe, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake bila kufikiri. Siku moja aliiweka penseli mezani na kwa mara ya kwanza hakufanya utani.

"Nitakikosa kile chumba, shemeji. Kwa ajili ya sentimita tatu."

Nikamrudishia penseli mkononi. Jibu alikuwa nalo dada yetu, na alilipata akiwa anakula.

Ilikuwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Bi Pindo alikuwa ametoka kuoga, amekaa mkekani pamoja nasi, sahani mbele yake, na mdogo wangu akisimulia habari za gari lake bovu. Wifi akamkatiza, kwa uchokozi tu:

"Wifi! Kamba ya mia mbili arobaini, vipande vinane."

"Thelathini," Bi Pindo akajibu huku anatafuna.

Sote tuliacha kula.

"Ubao wa tisini, vipande vitano?"

"Kumi na nane. Niacheni nile."

Dada yetu alinyanyuka bila kunawa, akaenda chumba cha mbele, akarudi na ile tepu, akamvika shingoni kama anayemvika mshindi nishani. "Waya wa mita moja na nusu, unakatwa vipande vitatu sawa. Kila kipande sentimita ngapi?"

Mkono wa kushoto wa Bi Pindo ukapanda wenyewe hadi kwenye ncha ya tepu, ukaishika. "Hamsini na..." Akautazama mkono wake kama mtu aliyemfumania mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha alicheka mpaka mumewe akaiondoa sahani mbele yake isije ikapinduka.

Tangu siku hiyo, sharti la kwanza la somo likawa kuivua tepu na kuitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Majibu yakanyooka. Kamba ikawa thelathini, ubao ukawa kumi na nane, na bustani ikapata uzio unaolingana nayo. Akisahau kuivua, zile tatu zinarudi palepale, kama mgeni aliyeifahamu njia. Basi hatukusahau.

Tulisahau siku ya mtihani.

Asubuhi ile mteja mmoja msafiri alimjia mbio na suruali ndefu ya kupunguza, na Bi Pindo hakuwa mtu wa kumwachia msafiri suruali inayofagia barabara. Akapima, akakata, akapinda, akapiga pasi. Kisha akajitupia mtandio mabegani, tukaondoka kwa haraka, mimi upande mmoja na wifi upande wa pili, tukimuuliza jedwali la kumi na mbili njia nzima. Tulimwacha kwenye lango la shule iliyotumiwa kuwa kituo cha mtihani. Wasiofanya mtihani hawakuruhusiwa kuvuka hapo. Alitembea akipunga mkono, akafika kwenye mlango wa ukumbi, na kwa kuwa jua lilikuwa limeshawaka, akauvua mtandio.

"Kaka!" dada yetu akanishika mkono. "Shingo! Mtazame shingo!"

Tepu ilikuwa inaning'inia pande zote mbili za kifua, njano kama ndizi mbivu. Niliita. Wifi aliita kwa sauti kubwa zaidi. Bi Pindo akageuka, akadhani tunamtakia heri, akatupungia tena, akaingia.

Tulibaki tumeshika nondo za lango. Kwa bahati, nafasi yake ilikuwa karibu na dirisha, na tuliweza kumwona kuanzia kichwa hadi mezani. Aliketi, akachonga penseli, akaivuta tepu ili ikae vizuri. Sijawahi kuichukia tepu kiasi kile.

"Akili yangu inaniambia nirushe kiatu," alisema dada yetu.

"Utamtoa kwenye mtihani kabisa."

Ndipo msimamizi, kijana aliyevaa beji kubwa, alipoanza kupita kati ya madawati akisoma kwa sauti vitu visivyoruhusiwa. Simu. Vikokotoo. Vifaa vyovyote vya kupimia. Alipofika kwa Bi Pindo alisimama, akanyoosha mkono, akasema jambo. Tulimwona Bi Pindo akibisha kidogo, akionyesha kifua chake kama anayesema kwamba hilo ni vazi. Kijana hakuondoa mkono. Mwishowe tepu ikapita juu ya kichwa chake, ikaviringishwa ovyo, ikaenda kukaa kwenye meza ya mbele.

Dada yetu alipiga kigelegele kilichowafanya ndege waondoke kwenye paa. Mlinzi wa lango akamwendea, amekunja uso.

"Mama, ndugu yako amenyang'anywa kitu, na wewe unashangilia?"

"Amenyang'anywa sentimita tatu!" alisema, akamkumbatia mlinzi wa watu, ambaye aliirekebisha kofia yake na kurudi kwenye kiti chake bila kuuliza zaidi.

Bi Pindo alitoka akiwa amekasirika. "Yule mtoto ameikunja tepu yangu kama kamba ya mbuzi. Angeniuliza, ningemfundisha."

"Maswali je?" nikamuuliza.

Akaanza kuinyoosha ile tepu mkononi. "Kulikuwa na swali la fundi mle ndani, shemeji. Dirisha lina upana wa sentimita mia moja na ishirini. Fundi anataka mapazia mawili yaliyo sawa ya kulifunika. Kila moja litakuwa na upana gani?"

Sote wawili tukasimama.

"Na katika yale majibu manne waliweka sitini na tatu. Waliniwekea kabisa, kama watu wanaonijua. Nikapeleka mkono kwenye tepu." Akaonyesha shingo tupu. "Haikuwepo. Nikatia weusi kwenye sitini."

"Alhamdulillahi," alisema wifi.

"Lakini mapazia hayo mabovu. Mwanga utapita pande zote. Nimemwonea huruma mwenye nyumba."

Majibu yalipotoka, mkuu wa chuo aliyaleta mwenyewe chumba cha mbele, pamoja na sketi ya kubana kiuno. Bi Pindo alikuwa amefaulu, tena kwa nafasi ya kutosha. Maswali ya saa na ya asilimia yalimchenga, lakini ya urefu hakukosa hata moja. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya pasi ili isijikunje, kisha akamwambia mkuu avue viatu apimwe sketi. Ila nilimwona, alipokuwa amepiga magoti, akiyafuta macho kwa ncha ya tepu.

Muhula ulipoanza, alinialika kukiona chumba. Madirisha yalikuwa pande zote, kama alivyosema. Karibu na mlango alikuwa amepigilia safu ya misumari, na kwenye kila msumari palining'inia tepu ya mwanafunzi. Ubaoni alikuwa ameandika lile swali la kamba. Msichana mmoja aliyechelewa akaingia na tepu shingoni.

"Vua," alisema Bi Pindo.

"Mwalimu, si ni hesabu tu?"

"Ndiyo maana nikasema vua."

Walikokotoa, wakapata thelathini, wote kwa pamoja, na akaniangalia nilikoketi nyuma ili nione kazi. Kisha akapiga makofi. "Haya, vaeni. Sasa tunakata."

Wakazichukua tepu zao msumarini kwa vurugu na vicheko. Yeye akaigeukia ile thelathini, akaifuta kwa kiganja, akaandika thelathini na tatu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.