Kipande cha Chandarua Kwenye Kioo

Sikufichi, nilikuwa na kijiba cha roho. Kijana mmoja aliyehamia Ifakara kutoka Dar alinichukulia rafiki, tena alinichukulia nikiwa shamba, Idete, naamia ndege.

Msimu huo kwetu kila mtu anaujua. Mpunga ukitoa masuke nyumba nzima inahamia shamba, na sisi watoto tunashinda kwenye dungu, jukwaa la miti, tukiwapigia kelele kweleakwelea wasile mpunga. Rafiki yangu hakuwa na shida hiyo. Baba yake alifanya kazi ofisini, na sebuleni kwao kulikuwa na kompyuta. Hapo ndipo mimi na yeye tulipocheza mbio za magari; mmoja akigonga, mwingine anakaa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Ukiiwekea nukta nyingi, zile chembe zinazounda picha, kioo kinapendeza ila gari linakwenda kwa kushtukashtuka. Ukizipunguza, gari linakimbia, lakini kingo za barabara zinakuwa meno ya msumeno. Basi tukakata kipande cha chandarua kikuukuu, tukakibandika kwenye kioo. Cheka ukitaka! Meno yalipungua, na kile kipande kilikuwa chetu sisi wawili.

Niliporudi kutoka shamba sauti ilikuwa imenikauka. Hata kuoga sikuoga. Nilichukua mfuko wa pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ambao rafiki yangu aliupenda kufa, nikaenda kwao mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenzio wako sebuleni."

Wenzio? Tangu lini wamekuwa wengi?

Yule wa Dar alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Kioo kilikuwa kitupu.

"Chandarua kiko wapi?" nikauliza.

"Ah, tulikitoa," rafiki yangu akasema. "Ushamba ule, bwana."

Yule mwingine akacheka. Roho iliniuma. Kumbe mjomba wa yule wa Dar alikuwa amewafungia kadi mpya ya picha ndani ya kompyuta, yenye kulainisha kingo yenyewe. Nao, kwa tamaa, walikuwa wamepandisha vyote mpaka juu kabisa, nukta na ulainishaji.

"Unaionaje? Inapendeza, eh?"

"Inapendeza kama picha ya kalenda," nikasema. "Na imetulia vilevile."

Kweli, gari lilikuwa linakwama kila kona. Nikamwambia yule wa Dar anipishe, na moyoni nikasema leo utanijua. Nikashusha nukta hadi chini na kuacha ulainishaji juu: gari likaenda, lakini barabara ikawa ukungu mtupu. Nikapandisha nukta hadi katikati, likaanza kukwama tena. Basi nikapunguza ulainishaji nusu. Hapo gari likaruka! Kona zilikuwa safi, na meno hayakuonekana.

"Aisee!" rafiki yangu akapiga kelele, akanishika bega kama zamani. "Nyie, oneni!"

Nilifurahi, jamani. Nikajua kiti changu nimekirudisha. Nikafungua mfuko wa pepeta nimpe, mkono wake ukaingia humo bila yeye kutazama, macho yakiwa kwenye kioo.

"Hebu pisha kidogo," akaniambia huku akitafuna, "mwenzangu ajaribu."

Nikapisha. Yule wa Dar akakaa, akaendesha kwenye barabara laini, na gari halikukwama hata mara moja. Mimi ndiye niliyewatengenezea.