Tonge la Kwanza la Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa arusini Annandale, huku ughaibuni. Kila mtu alijipakulia chakula akatafuta kiti chake, nami nikajikuta nimesimama na sahani tupu, namkumbuka bibi yangu. Kama nawe ulilelewa kwenye sinia moja, utanielewa.

Tulikaa Woodbridge, ghorofa ya pili. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Tanga kutulea, maana wazazi wangu walishinda kazini. Jumapili alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, harufu ikashuka mpaka kwenye ngazi. Tulizunguka sinia mkekani, na hakuna aliyegusa wali kabla bibi hajatia mkono. Hata njaa ikuume vipi, ulimngoja mkubwa.

Nilipokuwa na miaka tisa alipasuliwa koo. Alirudi hawezi kumeza hata maji. Maziwa ya hospitali yaliingia tumboni kwa mrija wa mpira. Saa za kula akawa anajifungia chumbani. Bibi huyo mcheshi, aliyewatania hata majirani, alinuna wiki nzima.

Jumapili iliyofuata mama ndiye aliyepika. Tukakaa, hakuna aliyeanza. "Kuleni basi," mama akasema, lakini baba mwenyewe hakuweza. Akaenda kugonga mlango wa bibi.

"Mama, wali unapoa. Watoto hawajala."

"Si uanze wewe!" bibi akajibu, sauti imemkwaruza.

"Siwezi, mama."

Alitoka amekasirika kweli. Akanawa, akakaa, akafinyanga tonge, akalichovya mchuzi. Sote tukaogopa. Tonge likaja mdomoni mwangu.

"Chumvi imekolea?"

"It's good, Bibi."

"Nakuuliza chumvi, unaniambia good!"

Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Tangu hapo alitufungulia chakula hivyo kila Jumapili. Kwa ujinga wa utoto nilidhani amezoea, hadi siku moja nikamuuliza kama hatamani.

"Natamani sana, mjukuu wangu. Nikishawalisha huenda chumbani nikalia kidogo, kisha nikaja kuosha vyombo."

Bibi ametutoka, na mkeka sijui uliishia wapi. Mimi mzima, koo halina neno, nakula peke yangu garini nikielekea kazini Springfield. Yeye hakumeza punje ya wali miaka yake minne ya mwisho, na sikumbuki Jumapili hata moja aliyokosa kukaa nasi.