Sponji ya mtani wangu niliitia mchanga

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma mapema, maana huko mbele nitamsema mtu vibaya na utadhani mimi ndiye niliyeonewa. Nilionewa kweli, lakini kidogo. Nilicholipiza ndicho kikubwa.

Mimi ni mwanamke, naosha na kung'arisha magari pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Si kumwagia maji tu. Nasafisha viti, naondoa madoa, napiga polishi kwa mashine mpaka boneti inakuonyesha meno yako. Madereva wa magari ya watalii walikuwa wananijua kwa jina, na wengine walikuwa wananiletea na magari ya mabosi zao.

Huyo niliyemkosea nimwite Maganga, ingawa silo jina lake. Babu zake waliletwa Kilosa enzi za mashamba ya mkonge, sisi wa kwetu tulikuwa hapohapo Chanzuru tunalima. Kwa hiyo sisi na wao ni watani, na utani wenyewe si wa mchezo. Mimi nilikuwa namwita mtumwa wangu, na yeye ananiita mtumwa wake. Akikuta sahani yangu ya wali anakula, nami nikikuta koti lake navaa naondoka nalo. Hakuna kununa. Sheria ya utani ni hiyo moja tu, mtani hakasiriki.

Alikuja kwangu hajui hata kushika kitambaa, nikamfundisha kila kitu. Kuosha na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, ili uchafu usirudi kwenye gari. Kitambaa kikianguka chini, hata kama umekiona safi, hakigusi rangi tena. Sponji ya mashine ukishaiosha na kuikausha, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana chembe moja ya mchanga ikikaa pale na mashine ikazunguka, umeharibu gari la watu. Alishika haraka. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, nalisema hilo ingawa linaniuma.

Basi siku moja akaniaga vizuri, akafungua banda lake. Wapi? Ng'ambo ya barabara, usoni kwangu! Na bango juu, kubwa kuliko la kwangu.

Hata hilo ningelimeza. Kilichonichoma ni maneno. Madereva wakaanza kupita kwangu wanapunga mkono wanaingia kwake. Nikamuuliza mmoja kulikoni. Akaona aibu, kisha akaniambia kwamba Maganga anasema mimi naoshea magari sabuni ya unga ya kufulia, inayokula ung'avu wa rangi.

Unajua ubaya wake? Ilikuwa kweli. Mara moja tu, siku sabuni ya magari iliponiishia na wateja wamepanga foleni. Na aliyekuwepo siku hiyo ni yeye. Nilimlisha, nikampa kazi, halafu akaenda kuuza siri yangu kwa wateja wangu! Toka hapo sikulala na amani. Nilikuwa nakaa kwenye benchi langu nahesabu magari yanayoingia kwake, na kila gari nilikuwa naliona ni langu limeibiwa. Nilitaka alie. Sitakudanganya kwamba nilitaka haki. Nilitaka nimwone analia.

Nafasi ikaja Ijumaa. Mzee mmoja wa Kilosa mjini alileta gari lake, jeusi, la kumbeba binti yake harusini kesho yake. Gari jeusi ndilo linalomfedhehesha fundi, kila mkwaruzo unaonekana. Maganga akaliosha asubuhi, akalikausha, adhuhuri ikafika akaenda msikitini akaacha banda wazi.

Nikavuka barabara. Mama muuza chipsi, jirani yake, akaniona naingia, akaniuliza naiba nini leo. Nikamjibu naiba mali ya mtumwa wangu. Akacheka mpaka akashika kiuno. Nani wa kunishuku? Mtani akiingia kwako na kuchakura vitu vyako, watu wanasubiri kichekesho.

Nikafungua mfuko wa nailoni, nikatoa sponji. Nikachota mchanga laini kwenye mtaro, nikauchanganya na polishi yake mwenyewe ili usionekane, nikaushindilia kwenye vitundu vya sponji kwa kidole. Nikairudisha kwenye mfuko, nikaufunga vilevile alivyoufunga yeye. Nilijua hataikagua. Anayekagua ni yule aliyeacha sponji wazi, na mimi ndiye niliyemfundisha kutoiacha wazi.

Halafu, ili mama chipsi apate kichekesho chake, nikatoka na kandambili za Maganga miguuni. Aliporudi akanipigia kelele toka ng'ambo nimrudishie, nikamzomea. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, na huku akicheka akaiwasha mashine.

Alipiga polishi kivulini, chini ya turubai, kwa hiyo hakuona kitu. Alimaliza boneti, akaenda milango, akapanda paa. Kila alipogeuka nilikuwa nasema moyoni, endelea, bado upande ule. Nilikunywa chai yangu yote nikimtazama. Ilikuwa tamu!

Kisha akalitoa juani.

Gari zima lilikuwa na michubuko ya duaraduara, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga na majivu. Maganga alilizunguka, akainama, akapitisha kiganja juu ya boneti. Akafuta kwa kitambaa, akafuta tena, akidhani ni polishi imekaukia. Mwenye gari alipofika hakupiga kelele. Alishika kichwa tu, akamuuliza kesho mwanawe atapanda nini. Wakalifunika maua na riboni kila mahali, bibi harusi akaenda hivyohivyo. Baada ya harusi Maganga aliuza mashine, pampu na hata turubai, gari likapakwe rangi upya. Banda likafungwa. Akarudi kwa wajomba zake Kisanga kulima mahindi.

Nami nikasubiri wateja wangu warudi.

Hawakurudi. Habari ya gari la harusi ilisambaa njia nzima, na iliposambaa haikusema banda la upande gani. Ikawa tu kwamba polishi ya Mikumi inakwaruza. Madereva wakaanza kupeleka magari Morogoro. Nikabaki naosha bodaboda na malori yenye tope, na mashine yangu ya polishi ikashika vumbi. Yaani nilimchomea nyumba na moto ukaja kula ya kwangu!

Ungedhani hapo ningenyamaza. Wapi!

Maganga alikuja Mikumi na magunia ya mahindi, akapita kwangu kama kawaida yake. Akakaa kwenye benchi langu, akaagiza chai kwa gharama yangu bila kuniomba. Akatazama uwanja mtupu, akanitania kwamba magari yamenikimbia, afadhali nimfuate shambani nikampalilie. Ulikuwa utani wa kawaida. Lakini mimi nilimsikia yule Maganga wa sabuni ya unga. Damu ikanipanda. Nikaona kisasi ambacho mwenyewe hajui kwamba ni kisasi ni kazi bure, ni lazima ajue ni mimi.

Nikamwambia, huku nikicheka, kwamba ile sponji niliitia mchanga mimi, siku nilipochukua kandambili. Nikamwambia mtumwa wangu, nilikupata!

Nilingoja acheke. Kweli kabisa, nilidhani atacheka. Nilidhani chochote ukikifanya na ukakiita utani kinakuwa utani.

Aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo ulikuwa wewe," akasema.

"Mtani hakasiriki," nikamwambia.

"Sijakasirika," akasema. Akasimama, akalipia chai aliyoinywa, akaenda kwenye magunia yake.

Baada ya mavuno baba yangu alifariki, Chanzuru. Baba alikuwa mtu wa utani kuliko sisi sote. Alipokuwa mgonjwa alikuwa anasema hana wasiwasi na kifo, wasiwasi wake ni Maganga, atalala kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku. Ndivyo watani wafanyavyo kwetu. Wanaficha majembe ya kuchimbia, wanavaa kanzu ya marehemu na kumwigiza anavyotembea, mpaka mjane mwenyewe anajikuta anacheka katikati ya kilio. Msiba usio na watani ni mzito sana.

Walikuja, ukoo mzima toka Kisanga. Walichimba kaburi vizuri, walibeba jeneza, walikaa mkekani wakala walichopewa. Hakuna aliyeficha jembe. Hakuna aliyegusa kanzu ya baba. Maganga alikuwa amewaambia habari ya sponji, na walikuwa na adabu kama wageni.

Mama yangu, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, aliniita karibu. "Watani hawajafika?" akaniuliza.

"Wamefika mama. Wako pale."

"Mbona kimya?"

Mama alimlilia baba siku ile toka mwanzo mpaka mwisho, bila mtu wa kumkatisha.

Wakati wa kuondoka Maganga alinijia. Toka nimfahamu hajawahi kuniamkia, hata siku moja. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo dada," akasema. "Poleni sana na msiba."

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Wewe unayesoma hapa, labda una mtu wako aliyekuudhi, na umeshaipata njia ya kumkomesha bila yeye kukuona. Nakuomba, acha. Sikwambii usamehe, mimi mwenyewe ile sabuni ya unga bado inanikera hadi leo. Nakwambia kagombane naye. Mfuate mchana, watu wakiwepo, umtukane hadi koo likauke. Ningevuka ile barabara nikamzaba Maganga kibao mbele ya mama chipsi, angenirudishia, tungeamuliwa, na baba angezikwa kwa vicheko.