Kikombe Namba Arobaini na Mbili

Waliosema kwamba Verna Haglund aliingia maduka ya mitumba kwa sababu ya njaa walisema uongo, na wanajijua. Pensheni ya mwalimu aliyefundisha Kilatini miaka thelathini na mmoja katika sekondari ya Turlock haimtajirishi mtu, lakini hailazi mtu na njaa, na nyumba aliyoachiwa na mumewe ilikuwa yake hadi msumari wa mwisho. Hakupata hata siku moja kununua kwa nusu bei. Jumatano, siku ambayo vitu vyenye stika ya kijani hupunguzwa na watu hupigana vikumbo mlangoni kabla duka halijafunguliwa, yeye alikaa nyumbani. Alikwenda Alhamisi, amevaa glavu na koti lake la kanisani, akalipa bei kamili.

Wengine walisema amezeeka vibaya, ameanza kupenda pombe, ndiyo maana anahangaikia vikombe vya baa. Huo nao ni uongo. Alikuwa binti wa mchungaji, wa ukoo wa Kiswidi, na hakuna kitu kikali kuliko kahawa kilichowahi kupita kooni mwake. Na wale waliosema ameacha imani akaanza kuabudu vinyago, hao tumwachie Mungu.

Kweli ni kwamba alikuwa akitafuta kikombe kimoja tu.

Mumewe, Elwyn, alikuwa mpima wa mifereji ya umwagiliaji. Alishinda juani kwenye kingo za mifereji, hana kivuli ila cha kofia yake, na kila Ijumaa jioni aliendesha gari hadi Modesto, kwenye mkahawa ulioitwa Kibanda cha Marijani. Humo ndani mlikuwa na giza la makusudi, paa la makuti, maporomoko madogo ya maji kando ya ukuta, na vinywaji vya ramu na nanasi vilivyotiwa ndani ya vikombe vya tiki: vikombe vya udongo vyenye sura za miungu ya visiwani, macho yamewatoka na ulimi uko nje. Mkahawa ule ulikuwa na desturi yake. Mteja aliyetimiza Ijumaa hamsini alipewa kikombe chake mwenyewe. Kilitundikwa kwa ndoano juu ya kaunta, kimechomwa namba kisogoni, na jina la mwenyewe limeandikwa kwa brashi chini ya kitako. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea.

Verna hakukanyaga pale. Miaka ya mwanzo Elwyn alikuwa akisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Leo utakuja, Verna?"

"Nina madaftari ya kusahihisha."

"Ijumaa ijayo, basi."

"Tutaona."

Baadaye aliacha kuuliza. Alivaa kofia, akaaga, akaondoka, na saa nne alikuwa amerudi, hajalewa, hana neno. Mkahawa ulipofungwa moja kwa moja, alirudi na sanduku la karatasi ngumu, akaliweka gereji, na halikufunguliwa tena. Alipofariki, Verna aliita gari la duka la hisani, wanaouza vitu vilivyotolewa sadaka, juma lilelile la mazishi. Akawaonyesha vijana masanduku yote ya gereji, akasema chukueni. Hakutaka kuona ndani. Aliona aibu kwamba jina la Haglund lilikuwa limetundikwa kwenye baa.

Mwaka wa pili wa ujane, baada ya ibada, wifi yake Arlys alimvuta pembeni kwenye meza ya kahawa. Arlys alikuwa dada mdogo wa Elwyn, mwanamke wa kicheko kikubwa, asiyeweza kukaa na neno moyoni kama vile chujio lisivyoweza kukaa na maji.

"Wifi, nikikwambia jambo hutakasirika?"

"Nikikasirika utaniona."

"Watu wanasema Elwyn alikuwa na mwanamke. Kule Modesto. Wanasema alikuwa na vikombe viwili, si kimoja. Kila Ijumaa vinashushwa vyote, kimoja chake, kingine kwenye kiti cha pembeni."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Watu tu hawana mdomo, Arlys."

"Lisemwalo lipo, wifi."

"Na kama halipo?"

"Laja." Arlys akacheka, kisha akaona uso wa Verna, akaacha.

Usiku ule Verna hakuuliza kama ni kweli. Alijiuliza jambo moja: kwenye kitako cha kile kikombe cha pili kulikuwa kumeandikwa jina la nani? Na kikombe chenyewe alikuwa amekitoa kwa mikono yake.

Hivyo akaanza. Alhamisi baada ya Alhamisi: Turlock, Ceres, Modesto, Manteca, hata Merced. Alijifunza kuwa rafu ya vikombe haiangaliwi kwa uso bali kwa kitako. Alijifunza kuwasikiliza wafanyakazi wakisukuma toroli la vitu vipya kutoka nyuma, magurudumu yakilia, na kutokimbia kama wengine walivyokimbia. Nyumbani hakuwa na wa kumweleza. Alirudi, akavua glavu, akapasha supu, akala amesimama karibu na jiko kwa sababu meza ilikuwa ya watu wanne.

Ceres ndiko alikokutana na Duane Pruitt, fundi mabomba aliyevaa mashati ya maua mwaka mzima, hata kwenye ukungu wa Desemba. Duane alikuwa mwindaji wa tiki kwelikweli, na siku ile alikuwa na kikombe ndani ya mfuko wake, amekifunga kwa soksi, akikitembeza ili kukilinganisha na vingine.

"Tazama huyu, mama. Kibanda cha Marijani. Namba arobaini na moja." Akakipindua. "Elwyn H. Sijui alikuwa nani, lakini Ijumaa hamsini! Bwana huyo alikuwa na ini la chuma."

Verna alitazama maandishi yale mekundu, yakishuka upande mmoja kama yaliyoandikwa na mtu mwenye haraka.

"Labda hakuwa mlevi," akasema.

"Ala, alikwenda kufanya nini, kuimba nyimbo za kanisa?" Duane akacheka. "Kilikuwa na pacha wake, arobaini na mbili. Yule mzee aliyekuwa akichanganya vinywaji, Benny Agbayani, ameniambia vilitundikwa pamoja. Yuko Stockton kwa bintiye. Mimi nilipofika dukani pacha alikuwa ameshachukuliwa. Ukimwona nipigie simu, nitakulipa vizuri."

"Huyo Bwana Agbayani alisema kilikuwa cha nani?"

"Sikumwuliza. Muulize wewe." Akamwandikia nyuma ya risiti anwani ya Stockton na namba yake ya simu.

Lakini mjane wa Elwyn Haglund hawezi kwenda kugonga mlango wa mtu wa baa akauliza, tafadhali, mume wangu alikuwa akikaa na nani? Verna alimshukuru Duane, akaondoka bila kumwambia jina lake. Angeweza kumwomba kile kikombe. Hakuomba.

Miezi kumi na minne ilipita kabla ya Manteca. Kikombe kilikuwa rafuni, kati ya chombo cha maua na kikaangio kisicho na mpini, kimefunikwa vumbi, ulimi nje. Akakigeuza kisogo. Arobaini na mbili. Akakipindua kitako, na hapo akakuta mtu wa duka amebandika stika ya bei, kubwa, katikati kabisa. Pembeni mwa stika zilionekana ncha za rangi nyekundu, mikia ya herufi, basi.

Alijaribu kuibandua kwa ukucha palepale. Haikutoka. Akalipa dola nne, akakipeleka garini, akakiweka kwenye kiti cha abiria, akakifunga mkanda.

Tangu utotoni, kwa mama yake, kitu cha mtu baki hakikuingia nyumbani ila kimepitia maji ya moto na sabuni. Hakuwaza. Akajaza sinki la chumba cha kufulia, akakitumbukiza ili stika ilainike, akaenda kutundika koti. Aliporudi stika ilikuwa inaelea. Na maji yalikuwa na wekundu hafifu, kama ya kuoshea matunda.

Kitako kilikuwa cheupe.

Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, kikombe mapajani, na hakuinuka mpaka miguu ilipokufa ganzi. Kisha akampigia Duane simu, akauliza kama jambo la kawaida, je, maandishi ya chini yakipotea yanaweza kurudishwa?

"Yamepoteaje?"

"Kwa maji ya moto."

"Umekiosha? Mama! Ile ni rangi ya juujuu tu, Benny alipaka kwa mkono, haikuingia tanuri! Hata mtoto wangu anajua! Unafuta kwa kitambaa kikavu, unamshukuru Mungu, unaacha!" Akatulia. "Samahani. Namba ngapi?"

Verna akakata simu.

Mficha uchi hazai, na sasa hapakuwa na njia nyingine. Jumatatu akaenda Stockton, na hakuvaa glavu.

Benigno Agbayani alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alikuwa nyuma ya nyumba akifunga mashina ya karela kwenye fito. Alimtazama, akaona kikombe, akavua kofia.

"Bibi Haglund," akasema.

"Umenijuaje?"

"Kuna mwingine atakayekishika hivyo? Kaa. Binti yangu amepika tambi, utakula."

"Sikuja kula, Bwana Agbayani. Nimekuja kuuliza jina lililokuwa hapa. Nimelifuta kwa ujinga wangu. Nataka unijibu kweli, hata kama ni ya kunivunja."

Mzee akapokea kikombe, akakipindua, akapitisha kidole gumba kwenye udongo uliokauka.

"Niliandika mimi; ndani niliosha, kitako sikukigusa. Vingine vyote niliandika majina mafupi au ya utani: Shorty, Red, Big Al. Hiki nilimwuliza, jina lake nani? Akasema, andika Bibi Haglund. Nikamwambia, bwana, hapa ni baa, si benki. Akasema, mke wangu ni mwalimu, hapa hakuna atakayemwita kwa jina la kwanza. Nikaandika. Herufi zilinibana, ilibidi nizikunje mstari wa pili."

Verna akanyoosha mkono, akakipokea tena kikombe.

"Aliagiza viwili kila mara," mzee akaendelea. "Chako hakikuwa na ramu, nanasi na ndimu tu. Aliniambia hunywi. Barafu ikiyeyuka nashusha, namwaga. Ijumaa hamsini, nikasema sheria ni sheria, amelipia, apewe kikombe. Baada ya hapo miaka kumi na saba. Mtu akitaka kukalia kile kiti anamwambia, samahani, kina mwenyewe, yuko njiani."

"Alisema hivyo? Niko njiani?"

"Kila Ijumaa. Mwanzoni wenzake walimtania. Walimwita bwana harusi. Halafu wakaacha."

Bintiye alitoka na sahani. Verna akala, kwa sababu kukataa kungekuwa utovu wa adabu, na kwa sababu mdomo ukiwa na chakula haulazimiki kusema. Alikula tambi zote. Aliaga vizuri. Akaendesha gari hadi barabara kuu, akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akazima injini, na magari ya matrela ya nyanya yakapita mbele yake moja baada ya jingine kwa muda mrefu.

Jumapili Arlys alikuja baada ya ibada na keki ya iliki. Hakuwa ameketi bado alipokiona kikombe juu ya kabati la vitabu, kando ya kamusi.

"Ndicho?"

"Ndicho."

Arlys akakishika, akakipindua haraka. Akatazama juu.

"Hakuna kitu."

"Kulikuwa na jina. Nimelifuta mimi."

"Verna! Umelifuta!" Arlys akashika kifua. "Basi ni kweli. Maskini wifi yangu. Umemfichia ndugu yangu aibu yake."

Verna alisimama. Aliona jinsi jambo lilivyoonekana, na aliona kwamba neno moja tu lingelimaliza. Lakini neno lile likitoka lingezunguka meza ya kahawa kabla ya Jumapili nyingine, na kila mke wa Turlock angejua kwamba Elwyn Haglund alimngojea mkewe miaka kumi na minane kwenye kiti kitupu, na mkewe alikuwa nyumbani, umbali wa nusu saa, akisahihisha vitenzi.

"Keti, Arlys, unisikilize, kwa sababu nitasema mara moja. Kaka yako hakuwa na mwanamke mwingine. Waambie wote wanaouliza, na uwaambie nimesema mimi, na mimi sijawahi kusema uongo katika mji huu."

"Nakuamini, wifi. Lakini sasa kikombe ni cha nani?"

"Cha nyumba hii."

"Jina, Verna. Mimi ni damu yake. Niambie mimi tu, litaishia hapahapa."

Verna akakichukua kikombe mkononi mwake, akakirudisha juu ya kabati, uso ukielekea dirishani.

"Kata keki," akasema. "Kuhusu hilo sisemi zaidi, si kwako, si kwa mchungaji, si kwa mtu."