Siku Babu Alipokataa Kuhukumu

Kila nikisikia harufu ya ulezi unaoungua, namkumbuka babu, aliyeamua kesi za Wangoni hadi uzee ulipompumzisha. Ghala letu lilikuwa bado linafuka moshi askari wa Wajerumani walipoingia uani.

"Mzee, Bwana Mkubwa anakutaka bomani, ukawahukumu waliokunywa maji ya vita. Wewe ukisema wanyongwe, watu watakubali."

Babu hakuinuka. "Mimi husikiliza pande zote mbili. Na aliyechoma chakula cha watoto hawa, atasimama mbele yangu?"

Walimpiga kwa kitako cha bunduki, wakamfunga kamba. Alinyanyuka mwenyewe, akatangulia njia ya bomani, nasi hatukumwona tena.

Nilitaka kulia. Bibi akaniinua kidevu.

"Subiri wapite kwanza, mjukuu wangu. Machozi yetu hawatayaona."