Nililala Kwenye Kaburi la Mwalimu Wangu Nikagoma Kutoka

Wakuu, mimi nimeshalala kaburini nikiwa mzima wa afya. Chali, macho yamenitoka.

Na juu alisimama mgambo na bunduki, ananiambia nisipotoka nitajuta kuzaliwa.

Tulieni niwasimulie. Mwaka wa mazishi hayo ulikuwa 1976.

Mwalimu wetu wa jiografia, sekondari Kilosa, aliitwa Mwinshehe. Msagara, mfupi, kaptula imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe.

Tulimpenda jamani! Somo la udongo hakulifundishia ubaoni. Alileta makopo ya udongo wa kila mahali, anakuamuru uonje. "Danieli, huu wa wapi?" Ukikosea, unaonja tena.

Mimi Danieli ni Mnyamwezi, nimezaliwa kambi ya mkonge, Rudewa. Wanyamwezi na Wasagara ni watani, kwa hiyo mwalimu hakunipa nafasi ya kupumua.

"Babu yako alipita hapa na meno ya tembo kichwani, wewe debe la maji linakushinda?"

"Babu alikuwa anakimbia, mwalimu. Aliogopa kuombwa chakula na babu yako."

Darasa zima hoi kwa kicheko. Naye anajibu, "Ngoja. Siku nikifa, mtani, utalala kaburini mwangu kwanza, upime kama panafaa."

Nikamwahidi.

Kwa wasiojua, mtani ana ruhusa hiyo. Anaingia kaburini kabla ya maiti, anagoma mpaka wafiwa wampe kitu. Kumvuta kwa nguvu ni mkosi, na kumkasirikia ni aibu.

Dawati moja nilikaa na Makarius. Mkimya, kila kopo la udongo alilitaja sawasawa. Mwalimu alimpenda kama mwanawe.

Miaka ikapita. Makarius akawa Katibu Kata kwao mwalimu, njia ya kwenda Mikumi. Mimi nikapata kazi ofisi ya kilimo Kilosa, bado niko kwenye majaribio. Mwalimu alikuwa amestaafu kwa ugonjwa wa kifua, karudi kwao.

Asubuhi moja Landrova ikasimama nje ya ofisi. Dereva akasema, "Katibu Makarius amenituma. Mwalimu Mwinshehe amefariki jana. Anazikwa leo alasiri. Kasema wewe ni mtani, usikose kabisa."

Nililia njia nzima, sioni haya kusema.

Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara. Watu walihamishiwa pale kwenye Operesheni Vijiji, kutoka kwao mlimani. Nyuma yao nyumba zilichomwa wasirudi.

Makaburini wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamejaa. Nikamfuata Makarius, kaunda suti, mgambo pembeni. Nikampa mkono. Akaugusa kidogo tu, akaurudisha wake mfukoni haraka, macho kando.

Cheo kimemlewesha, nikajisemea.

Basi, ahadi ni deni. Nikaruka kaburini, nikajinyoosha. Watu wanalia, watu wanacheka.

Mdogo wake marehemu, Mzee Mrisho, akaja na kuku.

"Kuku mwenyewe anakohoa!" nikapiga kelele. "Mlimpa marehemu huyu ndio maana kafa!"

Wakacheka. Mzee Mrisho akainama kama ananibembeleza, kumbe ana lake.

"Mtani," akasema polepole, "kaka aliusia azikwe mahameni kwetu, kule mlimani tulikohamishwa, ubavuni mwa mama. Katibu kakataa mbele ya watu wote. Anasema amri ni kwamba harudi mtu kule, hata maiti. Mkizika kule, kesho mtafuata kujenga."

Wakuu, hapo lile shimo likanibana.

Nikitoka, mwalimu wangu anaingia hapa, basi tena. Nisipotoka, mimi ni mtumishi wa serikali napinga Operesheni hadharani. Watu walipoteza kazi kwa kukohoa tu mkutanoni. Kuta za udongo kulia na kushoto, juu kipande cha mbingu na kofia ya mgambo. Nilitaka kutoka, nawaambia ukweli. Miguu ilikataa.

Udongo ukaniporomokea mdomoni. Kwa mazoea nikauonja. Mchanga mtupu wa barabarani. Mwalimu aliwahi kutuonjesha udongo wa kwao, mweusi, mzito, unanata kwenye meno. Huu haukuwa wake.

"Toka!" mgambo akafoka.

Makarius akaja ukingoni. "Danieli, chukua kuku, tumalize."

Shehe naye anahimiza, maiti haicheleweshwi. Nikamtazama Makarius kutoka kule chini. Nilimchukia siku ile, sijapata kumchukia mtu hivyo.

Nikapaza sauti. "Mwalimu aliniagiza nipime. Nimepima. Hapafai!"

Nikaongeza:

"Na kuku wenu sitaki. Nataka maiti. Nipeni mwalimu wangu, pa kumpeleka napajua."

Mgambo akataka kushuka. Wazee wakamzuia. "Thubutu! Mtani havutwi!" Wanafunzi wenzangu nao wakazunguka kaburi, bega kwa bega.

Makarius akawatazama wote waliolizunguka kaburi. Kisha akasema kwa sauti ya mkutano, "Mimi kazi yangu ni serikali. Utani siuingilii. Mpeni anachotaka."

Nikatoka kaburini.

Tukabeba jeneza wenyewe, tunapokezana, mpaka kule mahameni. Kuta zimeungua, michungwa imemea pori. Moyoni nawaza, jua linashuka, na hatujachimba hata kidogo.

Tukafika kwenye kaburi la mama yake.

Ubavuni mwake palikuwa na kaburi. Limechimbwa, limenyooka, udongo mweusi bado mbichi.

"Nani kachimba?" nikauliza. Mzee Mrisho akatikisa kichwa, naye hajui.

Tulipomaliza kuzika, nikamwona Makarius amesimama peke yake nyuma ya ukuta ulioungua. Alitufuata kwa mbali. Nikamshika mkono kwa nguvu, nikaukunjua.

Malengelenge kiganja kizima. Mengine yamepasuka.

"Makarius!"

"Nilianza alfajiri," akasema. "Katibu hawezi kusema ndiyo, Danieli. Lakini mtani haambiwi hapana. Ndiyo maana nikakutumia gari."

"Si ungeniambia?"

"Ningekwambia, na wewe ungefukuzwa kazi kwa kupanga njama. Utani haufukuzishi mtu."

"Na kama ningechukua kuku nikatoka?"

Akalia hapo. "Ningemzika kule barabarani. Halafu ningerudi hapa kulifukia hili peke yangu."

Mwaka ule ule alivuliwa ukatibu kwa ajili ya mazishi yale. Hakujitetea, na mimi nilibaki kazini mpaka nastaafu.

Funzo, wakuu: mtu aliyebanwa na kiti usimhukumu kwa yale anayoyasema akiwa amekikalia. Mshike mkono kwanza.

Mimi sasa ni mzee. Nimeshamwambia mtani wangu mmoja, Msagara wa Kisanga, siku yangu ikifika aingie kwanza apime. Kuku nimeshamwekea.